Mbuzi wa Fainali ya Msimbu

Ubao wenyewe ulikuwa wa bati, umepakwa rangi nyeupe, umeegemezwa ukutani ofisini kwa afisa michezo pale Kibaha. Maneno yalikuwa bado ya penseli. Fundi wa maandishi angekuja Ijumaa kuyapitishia rangi, na Jumamosi watoto wa shule wangecheza bonanza la besiboli, ubao upigiliwe uwanjani, wakubwa wapige picha.

Aliyeniita ni afisa mwenyewe, binti ambaye nadhani hajafika miaka thelathini. Alinipigia simu akasema, "Shikamoo mzee. Nimeambiwa katika wale wa besiboli, Mzenga umebaki wewe." Nikamwambia marahaba, nimebaki mimi. Tulikuwa tisa. Wawili tumewazika. Mmoja alikwenda kuoa Mbeya akapotelea huko. Waliobaki wamehama, na ukikutana nao wanakuuliza, besiboli gani? Basi nimebaki mimi na nyonga yangu mbovu.

Nikasoma ubao taratibu, maana mimi niliishia darasa la tano. Ligi ya Besiboli Kibaha na Kisarawe. Bingwa wa kwanza: Maili Moja.

"Nani kakupa maneno haya?" nikauliza.

"Katibu wa ligi ya wakati ule. Yule mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja. Kwani si kweli?"

Nikafungua mdomo. Miaka yote hii nilikuwa nalo jibu, nimelisema kijiweni, nimelisema msibani, mke wangu amelisikia mpaka akilisikia anatoka nje. Lakini binti alipokaa na kalamu yake kunisubiri, jibu likakimbia. Nikasema, "Maili Moja hawakutufunga." Akasema, "Kwa hiyo mliwafunga nyinyi?" Nikasema, "Hapana. Yaani, nilikuwa kituo cha tatu." Akanitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mtu aliyetoka hospitali.

"Mzee, una mpaka Ijumaa," akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nieleze tangu mwanzo, na nikichanganya mnisamehe, maana nimechanganyikiwa kweli.

Mchezo aliuleta mwalimu wa kujitolea, mgeni wa ng'ambo, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari moja ya Kibaha. Alikuja na begi refu: glavu, marungu mawili ya mbao yaliyochongwa yakang'aa, na mipira mitatu midogo migumu kama nazi changa iliyokauka. Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nachoma mkaa Mzenga naupeleka Maili Moja kwa baiskeli. Siku moja nikasimama uwanjani kwao kupumzika. Mwalimu akaniona natazama, akanipa rungu. Akatupa mpira. Nikaupiga. Mkono uliozoea shoka hauna kazi kubwa na kampira kale. Kakaruka juu ya bweni kakaenda zake, na wanafunzi wakashangilia kama nimeua simba.

Niliporudi Mzenga nikawaambia wenzangu. Wanawake wakatucheka, wakasema wanaume wazima mnacheza rede. Kweli inafanana kidogo na rede. Unapiga mpira, unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, unarudi nyumbani, hapo umepata bao. Wakikugusa na mpira ukiwa nje ya kituo, umekufa. Vituo vyetu vilikuwa magunia yaliyotiwa mchanga.

Mwaka uliofuata zikawa timu nne: Maili Moja, Mlandizi, Msimbu na sisi Mzenga. Hiyo ndiyo ligi, na usicheke. Tuliendesha baiskeli nusu siku kwenda kucheza. Refa alikuwa fundi viatu wa Msimbu, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiishona mipira ikipasuka. Mmoja aliushona kwa uzi mweupe, mmoja mweusi, mmoja wa bluu. Tukawa tunaiita hivyo: leo tunacheza na Mweusi, leo na Bluu. Mipira ilikuwa mitatu tu na hapakuwa na duka la kuuza mwingine, kwa hiyo tukajitungia sheria ambayo haimo kwenye kitabu cha mwalimu. Mpira ukiingia shambani kwa mtu, mchezo unasimama. Watu wote, timu zote mbili, wanaingia kutafuta.

Pale Msimbu uwanja ulipakana na shamba la mihogo la mama mmoja. Yeye alituruhusu kwa sharti lake: tuingie kwa mstari, kila mtu na mfereji wake kati ya matuta, tusikanyage. Basi mlikuwa mnaona wanaume kumi na wanane wametawanyika shambani, wameinama, wanatembea polepole kama wanapalilia, huku yeye mwenyewe amesimama pembeni na mkono kiunoni anahesabu mashina.

Na sasa nifike kwa katibu. Katibu ni Mnyamwezi, alitoka Tabora akaja kufungua duka Maili Moja. Sisi ni Wazaramo. Kwa hiyo ni mtani wetu, na alikuwa mtani hasa, si wa kujifunza ukubwani. Baba yangu alipofariki, tulipotoka na jeneza, katibu alilala chali katikati ya njia akasema maiti haipiti mpaka apewe kuku. Wajomba zangu walikuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Tukampa kuku. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaingia kubeba jeneza, na sehemu kubwa ya njia alibeba yeye. Ndiyo maana nashindwa. Mtu kama huyo unamwekaje kwenye fungu moja na wezi? Lakini nimemweka huko miaka ishirini na ushei.

Fainali ya ligi ilikuwa Maili Moja na Mzenga, uwanja wa Msimbu. Zawadi ni mbuzi dume, beberu mwenye mabaka, kafungwa pembeni ya uwanja anatutazama. Katibu alikuwa anacheza upande wa Maili Moja, na kama katibu ndiye pia aliyetunza begi la mipira. Siku hiyo ilitoka Bluu.

Tukafika zamu ya mwisho, kumi na moja kwa kumi na moja. Zamu ya kupiga ni yetu. Wawili wetu wameshakufa. Akifa wa tatu, zamu imeisha. Nikaingia mimi. Mpira wa kwanza nikauacha, wa pili nikauacha, wa tatu nikaupiga mpaka nikasikia meno yananiuma. Ukaenda juu, ukapita watu wote, ukaingia kwenye mihogo ya mama.

Nikakimbia. Cha kwanza, cha pili. Nafika cha tatu nasikia refa anapiga filimbi: mpira shambani, simameni. Nikasimama juu ya gunia. Kutoka pale hadi nyumbani ni hatua ishirini na tano, nilikuwa nimezihesabu asubuhi. Nikaona watu wote wanaingia shambani. Wenzangu wanaingia, wa Maili Moja wanaingia. Mimi nimesimama peke yangu juu ya gunia kama kuku wa sokoni. Nikaona aibu. Mpira nimeupoteza mimi, halafu nisiende kuutafuta? Nikashuka. Nikaenda nikachukua mfereji wangu.

Sijui nilikwenda umbali gani. Nimeinama naangalia chini ya majani, nikahisi kitu kigumu kinanigusa bega, taratibu, kama mtu anayekuamsha. Nikageuka. Katibu, mfereji wa pili, mkononi ana mpira.

Akasema, "Umekufa, Mzaramo."

Hapo ndipo penye shida yangu. Nina kumbukumbu mbili. Kwenye moja anacheka, meno yote nje. Kwenye nyingine hacheki. Zote nimeziona kwa macho yangu, na usiniulize mtu anaonaje mambo mawili mara moja.

Refa akasikia. Kutoka ukingoni akapaza sauti, "Amekufa. Zamu imeisha." Hapo pakawaka moto. Sisi tunasema mchezo ulikuwa umesimama. Wao wanasema kwenye kitabu hakuna kusimama. Kitabu chenyewe kimeandikwa lugha ya watu, mwenye nacho ni katibu, na mwalimu aliyekuwa anajua kukisoma sawasawa alikuwa ameshamaliza muda wake karudi kwao. Katika kelele zile mtu mmoja wa upande wetu akasema, "Twendeni, hatuchezi na wezi." Tukasusa. Tukachukua baiskeli zetu tukaondoka. Refa akatumia sheria ya mpira wa miguu, aliyesusa amefungwa, na mbuzi akaenda Maili Moja.

Ligi haikuamka tena. Mwaka uliofuata sisi tuligoma. Msimbu nao wakagoma kwa sababu tulimtukana refa wao. Zikabaki timu mbili zinatazamana, baadaye hata hizo hazikuonekana. Na mimi kijijini nikapewa jina ambalo sitaliandika hapa. Watoto waliozaliwa baadaye wananiita hivyo hivyo bila kujua lilitoka wapi.

Kwa hiyo wahusika nawataja, nisije nikafa nao. Wa kwanza ni mwalimu, aliyetuletea mchezo akaondoka na macho ya kuusomea. Wa pili ni refa, Mungu amrehemu lakini lazima niseme. Wa tatu, na mkubwa wao, ni katibu. Wa nne ni kapteni wetu, aliyesema twendeni. Hiyo ndiyo orodha niliyokuwa nayo Jumanne natoka ofisini kwa yule binti. Ilikuwa orodha nzuri. Nimeishi nayo.

Jumatano nikaenda Msimbu kwa mama wa mihogo. Nilitaka shahidi. Uwanja haupo tena, umepimwa viwanja, pale palipokuwa nyumbani pana msingi wa nyumba ya mtu wa Dar, na kituo cha tatu sikukiona kabisa, nilizunguka mpaka mbwa wakanibwekea. Mama nilimkuta barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si yule uliyenivunjia mashina sita?"

"Ni mimi, mama."

"Kaa. Umekuja kulipa?"

Nikamweleza habari ya ubao. Akanisikiliza, kisu kinaendelea. Nilipomaliza akanyoosha kidole mlangoni, akasema, "Mpira wenu si ule pale?" Kweli, chini ya mlango, umekaa kama jiwe la kuzuia upepo usiubamize. Nikaupangusa. Ngozi imekuwa nyeusi, upande mmoja umekatwa na jembe, lakini uzi ulikuwa unaonekana. Bluu.

"Niliuchimbua wakati wa kung'oa," akasema. "Nikawaza, wenyewe watakuja. Hamkuja."

Nikakaa chini. Kama Bluu ulibaki ardhini, basi katibu alinigusa na mpira gani? Lazima ulikuwa Mweusi au Mweupe, kutoka kwenye begi. Mpira ambao haumo mchezoni haumuui mtu. Kwa hiyo sikufa. Na refa, aliyeishona mipira ile kwa mkono wake mwenyewe, hakuutazama uzi. Kwa dakika moja nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nizaliwe.

Halafu nikaharibu kwa kuuliza. "Mama, unakumbuka kapteni wetu aliposema twendeni?"

"Kapteni yupi?"

"Yule mrefu."

"Mrefu alikuwa bado shambani anatafuta mpira, maskini, peke yake. Aliyesema ni wewe. Ulitoka unakanyaga matuta yangu kama ng'ombe, hapo ndipo yale mashina sita, ukashika baiskeli yako ukasema hatuchezi na wezi. Wengine wakakufuata."

"Una hakika?"

"Mashina yalikuwa yangu."

Nikauliza la mwisho. "Yule Mnyamwezi aliponigusa, alikuwa anacheka?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa natazama mihogo, sikuwa natazama meno ya watu."

Akanipa mpira. Akanifungia na mihogo minne kwenye mfuko, akasema hiyo si ya kulipa.

Alhamisi nikaenda Maili Moja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nikiyapanga yanajipangua. Katibu amezeeka. Amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, kati ya nondo na mabomba, miguu imevimba. Aliponiona nashuka kwenye bodaboda hakusimama.

"Mzaramo," akasema. "Umekufa lini? Mbona sikuletewa habari nije nikuchekee?"

Sikujibu utani wake. Nikautoa mpira mfukoni nikauweka kwenye mizani yake ya misumari. Akauinua, akauzungusha, akauleta karibu na macho. Mteja mmoja akauliza bei ya bawaba, hakujibiwa.

"Bluu," akasema.

"Bluu. Ulinigusa na upi?"

"Mweusi. Nilikuwa nao mfukoni."

Alisema hivyo hivyo, bila kona. Mimi nilijiandaa kwa mtu atakayekataa. Nikabaki nimesimama na hasira zangu kama mtu aliyebeba mlango na nyumba hakuna.

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Akanitazama kama mimi ndiye mwenye makosa. "Mtani wangu ameacha kituo chake, kainama kwenye mihogo, makalio juu, anatafuta mpira alioupoteza mwenyewe. Nikuache? Mababu zangu wangenicheka. Nilitaka nikuue kidogo, unitukane, nikurudishe kwenye gunia lako, tuendelee."

"Refa akasema zamu imeisha."

"Refa alikuwa Mluguru, utani wetu anaujulia wapi? Na mimi kabla sijafungua mdomo, wewe umeshashika baiskeli."

"Mbuzi mkamchukua."

"Mlisusa. Nimpe nani, mihogo?" Akaonyesha nondo zilizosimama pembeni ya duka. "Nilimfunga hapo. Nje, si ndani. Siku tatu. Mke wangu akasema ataibiwa, nikamwambia ndiyo maana yuko nje. Mtani akikuchukulia mbuzi unafanya nini? Unakwenda unampokonya, unachukua na sufuria. Nimewangoja siku tatu. Siku ya nne tukamchinja, na nyama haikuwa na ladha."

"Si ungetuma mtu atuambie?"

"Nani anamtumia mtani wake ujumbe, njoo uniibie?"

Nikauliza habari ya ubao: kama yote yalikuwa utani, mbona kamwambia binti aandike Maili Moja?

"Ulikuwa huji," akasema. "Miaka yote unapita hapa na mkaa wako, unatazama upande wa pili wa barabara. Nikasema akiona ubao ule atakuja hata kwa kutambaa. Umekuja hukuja?"

Sasa hapo nisaidieni. Labda ni kweli. Labda ni mzee mjanja aliyekamatwa na ushahidi wa uzi akapata pa kujificha, maana utani ni kichaka kikubwa, mtu anaweza kuingia humo na kila kitu. Nilimtazama meno. Alikuwa anacheka. Lakini alikuwa anacheka leo, na mimi nilichokuwa nakitaka ni kujua kama alicheka siku ile.

Nyuma ya duka palikuwa na mbuzi wake wanne wamefungwa. Sijui niliamua saa ngapi. Nilijikuta nafungua kamba ya mmoja, jike jeupe. Mkewe akatoka jikoni akasema, "We baba, vipi?" na mimi nikaendelea kuvuta. Nikachukua na sufuria iliyokuwa imeanikwa kwenye kichanja. Wateja wakasimama. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, huyu naye analipa nauli?"

"Mwacheni," katibu akasema kutoka kwenye kiti chake. Halafu akaanza kunitukana. Alinitukana mimi, ukoo wangu, ngoma zetu na minazi yetu, sauti inakwenda juu mpaka ikakatika kwa kikohozi. Nami nikamjibu, nikamwita mpagazi, nikamwambia amekuja pwani kubeba mizigo akasahau kurudi. Tulitukanana hivyo mpaka bodaboda ikawaka. Nikaikaza kamba mkononi. Kwa hasira au kwa nini, sijui. Mbuzi alikuwa mapajani kwangu anatetemeka.

Ijumaa asubuhi binti akapiga simu. "Mzee, fundi wa rangi yuko hapa. Katibu amenipigia, anasema nifute Maili Moja. Nikamuuliza niandike nani, akacheka akakata simu. Sasa niandike nani?"

Nilikuwa uani. Mbuzi amefungwa nje, kwenye mti ulio karibu na njia, kamba fupi, mahali ambapo mtu yeyote anayepita anamwona. Mke wangu alikuwa ameshasema mara mbili kwamba ataibiwa.

"Sema zamu haijaisha," nikamwambia. "Mzenga mtu mmoja yuko kituo cha tatu."

"Mzee, hapa pana nafasi ya jina moja tu."

Nikamwambia basi apaache wazi, asubiri siku tatu.